Jinsi ya kufikisha swali la kijiji chako kwa waziri bungeni (kwa watu wa Mwanza na mwambao wote wa ziwa)

Mwangaluka ndugu zangu. Naandika hii manake swali ni lile lile kila siku, nikipita Mwaloni Kirumba naulizwa, nikipanda kivuko naulizwa, nikiwa msibani Magu naulizwa: "We si unafatiliaga mambo ya bunge, ivi sisi tukitaka waziri aulizwe kuhusu zahanati yetu tunaanzia wapi?" Nimejibu kwa mdomo miaka mingi na kila mtu anaondoka na kipande, mwingine kashika kichwa mwingine mkia, kwaiyo leo naweka yote sehemu moja, isome taratibu alafu ifanyie kazi.

Kitu cha kwanza uelewe, nguvu ya swali haitengenezwi Dodoma. Inatengenezwa hapa hapa kijijini kwako, kwenye karatasi utakayompa mbunge. Mbunge akisimama na malalamiko matupu atajibiwa kwa maneno matupu, ila akisimama na jina la mradi, mwaka wa fedha, kiasi na tarehe, basi anayejibu inabidi naye ataje kiasi na tarehe. Hiyo ndo siri yote, mengine yanayofata ni utaratibu tu.

Na usiende kinyonge kama unaomba msaada. Katiba yetu ibara ya 63(3)(a) inasema Bunge linaweza kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake, na ibara hiyo hiyo kifungu kidogo cha (2) inasema Bunge linaisimamia serikali kwa niaba ya wananchi. Kwa niaba yako wewe unayechota maji ziwani na ndoo kichwani.

KABLA HUJAANZA UWE NA HIVI

Daftari moja gumu, lile kubwa la kaunta buku, la kazi hii tu. Usiandike kwenye karatasi za kuokoteza, zitapotea.

Simu inayopiga picha na bando la kufungua pdf, maana nyaraka nyingi za serikali ziko mtandaoni na ni nzito.

Wenzako watatu au wanne wa kuaminika, mmoja awe mzee anayekumbuka mradi ulianza lini na nani alikuja kuzindua, na mmoja awe mama anayetumia hiyo huduma kila siku. Ukienda peke yako utaambiwa una lako jambo.

Na uvumilivu wa mwaka mzima. Sikutanii, mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai unaisha 30 Juni na mambo mengi yanazunguka na huo mwaka, ukiwa na haraka ya wiki mbili utakata tamaa bure.

HATUA

1. Chagua jambo moja.

Moja tu. Watu wanakuja na orodha, barabara na umeme na zahanati na vyoo vya shule na magugu maji yanayoziba mwalo (pale mitumbwi inapotia nanga), vyote kwenye barua moja, alafu wanashangaa hakuna kilichojibiwa. Swali la bungeni ni sentensi mbili tatu, halibebi kijiji kizima. Kaeni chini mchague lile linaloumiza watu wengi zaidi na ambalo lina hela ya umma ndani yake, mengine yatasubiri zamu yake.

2. Nenda saiti, soma kibao.

Hii hatua watu wanairuka na ndo yenye utajiri. Kila mradi wa ujenzi unatakiwa kuwa na kibao kinachotaja jina la mradi, mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, na mara nyingi gharama na chanzo cha fedha. Kipige picha kizima alafu piga kila mstari kwa karibu.

Ngoja niwape la kwetu. Tulikuwa na mradi wa maji kwenye kijiji kimoja cha mwambao huku upande wa Sengerema, ziwa unaliona mlangoni ila vilula (mabomba ya kuchotea maji) vimekauka, tenki limejengwa limesimama pale kama mnara. Mara ya kwanza tulipeleka swali la "serikali ina mpango gani", tukakaa kwenye redio tukasikiliza, tukajibiwa kwamba serikali inaendelea na jitihada, na nakumbuka watu walipiga makofi. Makofi kabisa! Ikapita miaka miwili hakuna bomba lililoongezeka. Mara ya pili tukaenda saiti. Kibao kilikuwa kimejaa vumbi na kinyesi cha ndege, mstari wa mwisho hausomeki, mayu (mama) mmoja wa makamo akachukua pembe ya kitenge chake akatema mate kidogo akasugua, ikatokea tarehe ya kumaliza mradi. Ilikuwa imeshapita muda mrefu. Tukasimama pale kimya, alafu yule mayu akasema "kumbe walituahidi kwa maandishi." Swali letu la pili lilianza na hiyo tarehe. Jibu lilikuja tofauti kabisa, tukaambiwa mkandarasi alisimama kwa sababu anadai hati moja ya malipo (ile ya kudai hela ya kazi aliyokwishafanya) haijalipwa, na wizara ikataja robo ya mwaka ambayo italipwa. Sasa hapo una kitu cha kukamata.

Angalizo: kama kibao hakipo, hilo lenyewe ni taarifa, andika "kibao hakipo" na tarehe uliyokwenda. Usigombane na mlinzi wala fundi, hawa hawahusiki na hela.

3. Jua mradi ni wa nani, usije ukamuuliza asiyehusika.

Hapa ndo maswali mengi yanafia. Mbunge akipeleka swali kwa wizara isiyohusika linahamishwa, muda unapotea. Kwa sisi wa huku ziwani iko hivi:

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, kwaiyo Wizara ya Ujenzi. Hata Daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3 lililofunguliwa 19 Juni 2025 liko huko. Barabara za ndani za wilaya na mitaa ni za TARURA, hao wako TAMISEMI, ofisi ya Rais inayosimamia mikoa na halmashauri. Usiangalie ukubwa wa barabara kwa macho, muulize mtendaji au fundi sanifu wa wilaya.

Kivuko na meli siyo kitu kimoja, hapa wengi wanachanganya. Vivuko vya serikali vya kwenda visiwani vinaendeshwa na TEMESA iliyo chini ya Wizara ya Ujenzi, ila meli kubwa kama MV Mwanza Hapa Kazi Tu ile ya abiria 1,200 ni Wizara ya Uchukuzi, na reli ya kisasa ya Mwanza–Isaka kilomita 341 nayo ni Uchukuzi. Watu wa Ukerewe na Ukara hili mlijue kwa moyo, baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka tarehe 20 Septemba 2018 hakuna mtu wa huko anayechukulia swali la kivuko kirahisi.

Maji ya vijijini ni RUWASA na ya jijini ni MWAUWASA, wote Wizara ya Maji. Mwalo, vizimba vya samaki, doria za nyavu ni Mifugo na Uvuvi. Zahanati, vituo vya afya, majengo ya shule za msingi na sekondari ni TAMISEMI, siyo Wizara ya Afya wala Elimu kama wengi wanavyodhani. Ila hospitali ya rufaa ya mkoa kama Sekou Toure iko Wizara ya Afya.

Na kuna mambo wala siyo ya waziri. Yale yanayotoka kwenye mapato ya ndani ya halmashauri, mfano ile asilimia 10 ya mikopo, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, hayo yanaanzia kwa diwani. Baraza la Madiwani linakaa kila robo mwaka, madiwani wanauliza maswali, mkurugenzi na wataalamu wake wako pale pale, na vikao vya baraza kamili mwananchi anaruhusiwa kukaa kusikiliza. Mara nyingi jibu unalipata huko bila kusubiri Dodoma. Alafu kumbuka mbunge wa jimbo naye ni mjumbe wa hilo baraza, kwaiyo unampata bila nauli ya Dodoma.

4. Fatilia hela kwenye milango minne.

Hela ya mradi inapitaga milango minne: imeombwa, imetengwa, imetolewa, imetumika. Mtu anayekwambia "hela ya zahanati yenu ipo" muulize ipo mlango gani. Kutengwa maana yake imeandikwa kwenye bajeti Bunge likapitisha, haimaanishi imefika halmashauri. Naona watu wanachinja mbuzi kwa hela iliyotengwa, mwezi wa sita unaisha haijatolewa, mwaka mpya wa fedha unaanza, inabidi iombwe tena upya.

Pa kutazama: vitabu vya bajeti vya Wizara ya Fedha viko kwenye tovuti yao, cha tatu ni cha mikoa na cha nne ni cha miradi ya maendeleo. Kila mkoa na wizara ina namba yake humo inayoitwa Fungu: Mkoa wa Mwanza tafuta Fungu 81, wizara ya Maji Fungu 49. Hotuba ya bajeti ya waziri husika nayo ina viambatisho nyuma, huko ndo kuna majedwali ya miradi kwa majina, usiishie kusoma kurasa za mwanzo za shukrani. Alafu kijijini kwako mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kusomewa mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu, nenda, kaa mbele, andika.

Kuna pia ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali. Anamkabidhi Rais mwisho wa mwezi wa tatu, inaingia bungeni mwezi wa nne, na iko mtandaoni kwa Kiswahili pia. Kitabu cha serikali za mitaa tafuta jina la halmashauri yako kisha soma mistari inayokuhusu. Angalizo: ripoti inayotoka mwaka huu inazungumzia mwaka wa fedha uliokwisha kitambo, ile iliyokabidhiwa Machi 2025 ni ya 2023/24. Usije ukaitumia kama habari ya jana, utajibiwa "hoja hiyo ilishafungwa" na mbunge wako ataaibika.

Ukinyimwa taarifa ofisini, omba kwa maandishi ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inawapa siku 30 za kukujibu. Gonga muhuri kwenye nakala yako. Bila muhuri hujapeleka kitu.

5. Andika swali lenyewe.

Swali zuri linajibika kwa namba, kwa tarehe, au kwa ndiyo na hapana. Chukua mfano wa boma la zahanati ambalo wananchi mmejenga kwa nguvu zenu mpaka lenta, serikali ikasema itamalizia.

Swali bovu: "Je, serikali haioni umuhimu wa kuwajali wananchi wa kijiji chetu ambao wanateseka kwa muda mrefu na akina mama wanajifungulia njiani?" Linauma ndiyo, ni kweli tupu, ila jibu lake ni "serikali inaona umuhimu huo", mchezo umeisha.

Swali zuri, tuseme zilitengwa milioni 50: "Je, katika shilingi milioni 50 zilizotengwa mwaka wa fedha uliopita kumalizia boma la zahanati ya kijiji fulani, ni kiasi gani kilipelekwa halmashauri mpaka tarehe 30 Juni, na salio litapelekwa lini?" Hilo hata ajibu vipi utaondoka na kitu.

Usiweke kwenye swali: jina la mtu unayemshuku, matusi, fununu, au jambo ambalo liko mahakamani. Hayo kanuni za Bunge zinayakataa na swali linarudishwa. Ukiwa na ushahidi wa wizi, risiti feki, sahihi za kughushi, hiyo peleka TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, piga 113 bure, usisubiri kipindi cha maswali.

6. Mpe mbunge mapema, na umpe kifurushi kamili.

Maswali ya msingi yanapelekwa ofisi ya Katibu wa Bunge wiki kadhaa kabla, yanapangwa foleni, wizara inaandaa jibu. Kwaiyo ukimpigia mbunge simu kikao kimeshaanza umechelewa, labda akuingize kwenye nyongeza. Bunge linakaaga mwishoni mwa Januari mpaka Februari, Aprili mpaka mwisho wa Juni ambalo ndo la bajeti, alafu kuna la Agosti au Septemba na la Novemba.

Hili la Novemba watu hawalijui na ni muhimu sana kwa mambo ya mipango. Mwezi huo Bunge linajadili mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo wa mwaka unaofata, yani ndo muda wa kusema "barabara yetu haimo", bado kuna nafasi ya kuingizwa. Ukisubiri mwezi wa tano vitabu vimeshachapwa, utabaki kuambiwa itafikiriwa mwaka ujao. Na huku chini vile vile, halmashauri zinapitisha bajeti zao mapema mwanzoni mwa mwaka, mapendekezo ya mtaa na kijiji yawe yameshapita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya hapo.

Kifurushi ni ukurasa mmoja wa maelezo, swali limeandikwa tayari, picha za kibao na saiti, nakala za barua zenye muhuri, na majina na namba za simu za watu wawili wa kupigiwa. Ukurasa mmoja. Mbunge ana vijiji vingi, ukimpa kurasa 14 ataziweka kwenye buti ya gari na zitabaki humo humo.

7. Andaa maswali mawili ya nyongeza, hapa ndo penye kazi.

Baada ya waziri au naibu waziri kujibu, mbunge aliyeuliza anapewa nafasi ya maswali mawili ya nyongeza. Wengi wanaipoteza kwa kurukia jambo jingine, "alafu pia kule kata nyingine hakuna mnara wa simu", Spika anasema hilo ni swali jipya na nafasi imekwenda. Nyongeza lazima itoke kwenye jibu. Kwaiyo kaeni mkisie jibu mapema, maana majibu yanafanana, mimi nimesikiliza miaka sasa naweza kuyasema kabla hayajasomwa:

"Serikali inatambua umuhimu wa mradi huo" – hapo hakuna hela wala tarehe. Nyongeza: umetengewa kiasi gani kwenye bajeti ya mwaka huu?

"Tunaendelea na upembuzi yakinifu na usanifu wa kina" – wako kwenye karatasi, wanapima na kuchora, ujenzi bado sana. Siyo jibu baya, miradi mikubwa lazima ipite hapo, ila uliza mkataba wa mshauri umesainiwa lini na unaisha lini.

"Fedha zimetengwa" – mlango wa pili huo. Uliza kiasi gani kimeshatolewa mpaka leo.

"Mkandarasi yuko saiti" – uliza asilimia ya utekelezaji imefika ngapi na anadai hati ngapi. Na hapa picha zako za wiki iliyopita zinazoonesha nyasi zimeota kwenye msingi zinafanya kazi kubwa, mbunge akisema "mheshimiwa Spika, mimi nimetoka saiti Jumamosi hakuna hata toroli" ukumbi unabadilika.

"Kadri fedha zitakapopatikana" – hili ndo gumu kuliko yote kwa sababu linafunga mlango kwa adabu. Uliza kama wako tayari kuuweka kwenye bajeti ijayo, ndiyo au hapana.

Mwandikie mbunge nyongeza zako kwa mtindo huu: "wakisema hivi, uliza hivi." Atakushukuru.

8. Sikiliza jibu na uliandike lilivyo.

Kipindi cha maswali ni asubuhi, kikao kinaanza saa tatu. Fatilia kwenye redio, TBC au YouTube ya Bunge. Rekodi. Usiridhike na muhtasari wa mtu kwenye meseji manake maneno yanabadilika njiani, "tutaangalia" inafika kijijini ikiwa "wameshakubali". Siku kadhaa baadaye pakua Hansard, ile taarifa rasmi ya majadiliano, kwenye tovuti ya Bunge. Swali lako litakuwa na namba yake. Andika kwenye daftari: tarehe, namba ya swali, nani kajibu, kasema nini neno kwa neno. Ukurasa huo toa kopi, bandika ofisi ya kijiji.

9. Rudi na jibu mpaka kwenye bajeti.

Jibu ni ahadi ya serikali iliyoandikwa. Mwezi wa nne ukifika fungua kitabu cha bajeti, tazama kama kile walichosema kimo. Kama hakimo, mbunge wako ana silaha nyingine kubwa kuliko swali, nayo ni kushika shilingi ya mshahara wa waziri pale Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi kupitisha mafungu. Siyo kwamba mshahara utapungua kweli, ni utaratibu wa kumlazimisha waziri asimame atoe maelezo ya kuridhisha kabla fungu lake halijapita. Ila ili mbunge ashike shilingi kwa nguvu anahitaji ile Hansard yako mkononi, "tarehe fulani, swali namba fulani, serikali ilisema hivi". Mpelekee.

Kuna pia Alhamisi, maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, nusu saa tu na hayaandikwi kabla. Pale panafaa mambo ya sera ya nchi nzima, mfano utaratibu wa kufunga uvuvi au fidia za wanaopisha miradi. Kisima cha kijiji usikipeleke huko.

IKIKWAMA

Mbunge wangu ni waziri au naibu waziri. Kwa kawaida huyo hasimami kuuliza maana yeye ni upande wa serikali. Ana njia zake za ndani, mpe barua, lakini swali lenyewe mpe mbunge wa viti maalumu wa mkoa au wa jimbo jirani. Mbunge yeyote anaweza kuuliza kuhusu sehemu yoyote ya nchi.

Mbunge hapokei simu. Usimalizie hasira kwa kumtukana kwenye magrupu, umefunga mlango. Mtafute kwenye kikao cha baraza la madiwani, pitia kwa katibu wake, au mpe diwani aingize. Peleka barua ofisi ya mbunge jimboni ikagongwe muhuri.

Swali limeulizwa likajibiwa tofauti na ukweli. Hili linatokea, waziri anasoma kilicholetwa na wataalamu kutoka huku huku wilayani. Usipige kelele kwanza. Tengeneza ukurasa mmoja: walichosema kushoto, hali halisi kulia, picha zenye tarehe. Mpe mbunge, awasilishe kwa waziri kwa maandishi, na nakala nenda nayo kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mara nyingi namba ilikosewa chini na ukiirekebisha huko juu pananyooka.

Mtendaji anakuambia "hizo ni siri za serikali". Bajeti iliyopitishwa na Bunge siyo siri, iko mtandaoni. Mwoneshe kwa heshima kwenye simu yako. Nasisitiza kwa heshima, maana kesho unamhitaji agonge muhuri.

Watu wamechoka, mkutanoni tumebaki wawili. Endeleeni wawili. Wasomee kila mkutano ukurasa wa daftari, tulipofika na tunachosubiri, wakiona kitu kinasogea wanarudi. Kwetu walirudi siku maji yalipotoka kilula cha kwanza pale shuleni, yakatoka na kutu nyekundu dakika nzima ndo yakawa meupe.

MFANO WA UJUMBE WA KUMPA MBUNGE (badilisha sehemu za mabano)

"Shikamoo Mheshimiwa. Sisi ni wananchi wa kijiji cha (jina), kata ya (jina). Mradi wa (jina kama lilivyo kwenye kibao) ulitakiwa kukamilika tarehe (…). Tumefika saiti tarehe (…), hali ni hii: (mistari miwili). Kwa mujibu wa bajeti ya mwaka wa fedha (…), Fungu (…), zilitengwa shilingi (…). Halmashauri imetujibu kwa barua ya tarehe (…), nakala imeambatanishwa. Tunakuomba utuulizie kwa Waziri wa (…) swali hili katika mkutano ujao: Je, (swali lako). Nyongeza mbili tumeziandika nyuma ya karatasi. Kwa ufafanuzi piga (namba mbili). Picha ziko sita, ya kwanza ni kibao."